Semina ya ndoa Capri Point: asubuhi ya nadharia, alasiri ya wavuvi

Semina hii ya Jumamosi, ambayo kituo kimoja cha ushauri wa ndoa huiandaa katika ukumbi wa hoteli upande wa Capri Point, jijini Mwanza, inawalenga wachumba na wanandoa wachanga, na mada yake ni nafasi ya roho katika mapenzi na katika faragha ya wawili. Ada yake haitishi, kwani inakaribia bei ya mlo wa jioni wa watu wawili katika hoteli ya kadiri, na ndani yake mnapata chai na chakula cha mchana chenye sato wa kukaanga. Niliihudhuria pamoja na mchumba wangu na ninaipendekeza, ingawa kipindi cha asubuhi kinahitaji kufumuliwa na kushonwa upya.

Mwezeshaji wa asubuhi alishikilia kwamba kila roho ina nusu yake mahali fulani, na kwamba anayekutana nayo huitambua papo hapo. Aliegemea hadithi iliyoandikwa na Plato, mwanafalsafa Mgiriki, ya kwamba hapo kale wanadamu walikuwa na mikono minne na miguu minne mpaka Zeus alipowapasua, na tangu hapo kila nusu inahangaika kumtafuta mwenzake. Ukumbi ulifurahi. Hata hivyo, hakutueleza kwamba Plato aliitia hadithi hiyo kinywani mwa Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, wala kwamba katika maandishi hayohayo Diotima, mwanamke aliyemfundisha Socrates mambo ya mapenzi, anaipinga waziwazi: mapenzi hayatafuti nusu wala kizima, isipokuwa kiwe chema, kwa maana watu hukubali kukatwa hata mkono au mguu wao wenyewe wakiuona umeharibika. Hapo ndipo mjadala wa maana ungeanzia, kwa sababu anayeamini kwamba amepata nusu ya roho yake atavumilia hata yasiyovumilika. Mke mmoja kijana aliuliza afanye nini ikiwa nusu yake inampiga, akaambiwa aiombee. Jibu hilo lilinikera. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba mwenzi hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na jambo hilo lilistahili kutajwa kabla ya maombi.

Sheikh aliyefuata alisema machache, nayo yalitosha. Alisoma aya ya 21 ya Surat Ar-Rum, inayotaja utulivu, mapenzi na huruma baina ya mume na mke, kisha akatuuliza kama mwenzako hupumua vizuri zaidi ukiingia nyumbani au ukitoka.

Kilichonifanya nione thamani ya fedha yangu ni alasiri, walipokaribishwa mzee mmoja mvuvi wa dagaa na mkewe, mchuuzi katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mzee huondoka kwenda visiwani giza linapoanza na kurejea mbalamwezi inapotanda, na ndoa yao yote imekwenda kwa kalenda hiyo ya mwezi. Mama alieleza kwamba siku ya kurejea humpashia mumewe maji ya kuoga, kisha hukaa naye uani wakichambua mchele, na hesabu ya fedha haifunguliwi mpaka kesho yake. Mzee akadakia kwamba mwili wake hufika kwanza, roho ikaja nyuma kwa mtumbwi mwingine, na kwamba zamani, alipokuwa akimwita mkewe chumbani kabla ya huo mtumbwi wa pili kutia nanga, mama alijiona kama mgeni kitandani mwake. Hakuna aliyecheka. Mchumba wangu, ambaye asubuhi nzima alikuwa akichezea simu, aliomba kalamu.

Kipaza sauti kilikuwa kikikoroma na viti vya plastiki vilituchosha, lakini hayo ni madogo. Waandaaji wawape wazee hao muda mrefu zaidi, na waweke sanduku la maswali yasiyo na majina, kwani mkwe mtarajiwa hawezi kusimama mbele ya watu wa makamo ya wazazi wake akauliza habari za chumbani.