Vifaranga wa trauti walioanza na chakula cha mimea: uzoefu wangu wa msimu mzima

Kila aliyewahi kumlisha trauti, samaki wa maji baridi, chakula chenye mashudu mengi ya soya anaijua picha hii. Unatupa konzi ya tembe, maji yanachemka kwa samaki, nawe unafurahi. Kisha unainama uangalie vizuri. Samaki anadaka tembe, anaizungusha kinywani, anaitema. Tembe inazama taratibu, mwenzake anaidaka njiani, naye anaitema. Baada ya dakika chache wavu wa mlango wa kutolea maji umejaa tembe zilizolainika na kumegeka pembeni, na samaki wamerudi chini kimya. Chakula umekilipia, hakikuliwa, na sasa kinakuchafulia maji.

Mimi nilikaa na tatizo hilo misimu miwili. Nilibadilisha saa za kulisha, nikapunguza kiasi, nikajaribu tembe ndogo zaidi. Hakuna lililosaidia sana. Ndipo nikapata kituo cha kuzalisha vifaranga kinachouza vifaranga ambao chakula chao cha kwanza kabisa maishani ni cha mimea. Nilinunua, nikawafuga msimu mzima, nikapima. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza niseme kwa nini nilikuwa nang'ang'ania mimea, maana wapo watakaouliza kwa nini nisiendelee na unga wa samaki ambao trauti anaupenda. Trauti ni mla nyama, jamii moja na salmoni. Chakula chake cha zamani kilijaa unga na mafuta ya samaki wadogo wa baharini, hasa anchoveta wanaovuliwa pwani ya Peru. Mwaka wa El Niño maji yale yanapata joto, anchoveta wanapungua, na unga wa samaki unaadimika kwa wafugaji dunia nzima. Zaidi ya hilo, bahari haiwezi kutoa unga zaidi kila mwaka huku ufugaji wa samaki ukizidi kupanuka. Sijisikii vizuri kuvua samaki wengi wadogo ili nimkuze mmoja mkubwa wakati soya, njegere, ngano na mahindi vina protini ya kutosha kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Shida si kiasi cha protini peke yake. Shida ni kwamba samaki mwenyewe hataki.

Sasa kuhusu vifaranga wenyewe. Mtoto wa trauti anapototolewa hali kitu. Anakaa chini kwenye changarawe au trei akiwa na kifuko cha kiini tumboni, anaishi kwa akiba hiyo kwa majuma kadhaa kutegemea baridi ya maji. Kifuko kinapokaribia kwisha anaanza kupanda juu kutafuta cha kula. Hapo ndipo kituo hiki kinapofanya tofauti. Badala ya kumpa unga wa samaki kama kawaida, kinampa kwa majuma matatu chakula kisicho na unga wala mafuta ya samaki hata chembe. Baada ya hapo anahamishiwa kwenye chakula cha kawaida na kukuzwa hadi anapofika kwa mnunuzi. Ni hayo tu, majuma matatu, halafu miezi inapita kana kwamba hakuna lililotokea.

Wazo hili kituo hakikulibuni. Mwaka 2013 watafiti wa INRA, taasisi ya utafiti wa kilimo nchini Ufaransa, walichapisha jaribio walilolifanya kwa trauti: majuma matatu ya chakula cha mimea mwanzoni, miezi saba ya chakula cha kawaida, kisha siku 25 za mimea tena. Waliokuwa wameionja mimea utotoni walikua kwa kasi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 42, walikula zaidi kwa asilimia 30, na walikitumia chakula vizuri zaidi kwa asilimia 18. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, wakapata matokeo ya mwelekeo huohuo kwa salmoni wa Atlantiki. Nilipozisoma takwimu hizo nilitaka kuona kama zingesimama nje ya maabara, kwenye mifereji ya saruji yenye majani yanayoanguka na mfugaji ambaye siku nyingine anachelewa kulisha.

Niliomba makundi mawili ya mayai ya wazazi walewale, yaliyototolewa juma moja: kundi moja la kawaida, jingine la mimea. Wote walinifikia wakiwa na gramu tano hivi. Niliwaweka katika mifereji miwili iliyo sambamba, maji ya chemchemi moja, nyuzi 12 hadi 13, idadi sawa.

Siku ya kwanza niliingiwa na wasiwasi. Kundi la mimea lilikuwa dogo kidogo, tena kwa macho tu unaona. Nilipouliza niliambiwa ndivyo ilivyo: katika yale majuma matatu wanakua polepole kuliko wenzao, halafu wanafidia. Ningeshauri mnunuzi asikatae kundi kwa sababu hiyo. Kwangu walifidia karibu yote. Miezi iliyofuata niliwalisha wote chakula cha kawaida na sikuona tofauti yoyote ya kuandika: vifo vichache pande zote mbili, tabia ileile, hamu ileile.

Walipokaribia gramu 80 niliwahamishia wote chakula cha mimea siku moja, bila kuwachanganyia kidogo kidogo. Nilifanya hivyo makusudi, nilitaka kuona.

Nilikuwa nimezamisha sahani nyeupe mbili, moja katika kila mfereji, mahali mkondo unapotulia, nikazifunga kwa kamba. Kila mfereji nikatupa tembe 100 zilizohesabiwa juu ya sahani yake, nikasubiri dakika kumi, nikavuta. Sahani ya kundi la kawaida ilikuja na tembe 41. Nyingi zilikuwa na alama ya kumegwa upande mmoja, zimevimba, zina ute. Ya kundi la mimea ilikuja na 12, karibu zote nzima, yaani hazikuguswa kabisa, si kwamba zilitemwa. Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji nimeshika ile sahani ya pili muda mrefu. Samaki hawa walikuwa hawajaonja mimea tangu walipokuwa na urefu wa ukucha. Miezi mingapi imepita! Lakini waliidaka, wakaitafuna, wakarudi kuomba nyingine.

Nilirudia kwa siku tano. Kundi la kawaida liliendelea kujifunza pole pole, masalio yakipungua, lakini halikulifikia lile jingine hata siku moja.

Baada ya majuma manane nilipima sampuli. Kundi la kawaida lilitoka gramu 80 hadi wastani wa gramu 131. Kundi la mimea lilitoka 78 hadi 148. Chakula kilichotumika kwa kila kilo ya uzito ulioongezeka kilikuwa kilo 1.5 kwa wa kawaida na 1.3 kwa wa mimea. Ukipiga hesabu utaona kila samaki wa kundi la mimea alikula karibu moja ya tano zaidi ya mwenzake, na alichokula alikitumia vizuri zaidi. Haya ni matokeo ya mifereji miwili, ya mfugaji mmoja, si utafiti. Lakini mwelekeo ni uleule wa INRA, na kwangu uzito mkubwa uko kwenye hamu ya kula. Wengi wetu tukiona samaki hakui tunakimbilia kuongeza protini. Samaki anayetema hata umpe protini kiasi gani hafaidiki nayo.

Kwa nini inakuwa hivyo? Kifaranga anapoanza kula, utumbo wake, ini lake na hisia zake za ladha na harufu ndiyo kwanza zinajipanga. Kinachoingia wakati huo kinauambia mwili chakula cha dunia hii kikoje. Watafiti walipochunguza ubongo na ini za trauti wa aina hii mwaka 2016 waliona utendaji wa jeni umebadilika, zikiwemo jeni zinazohusika na hisia na kujifunza. Kwa hiyo sehemu ya jambo hili ni kumbukumbu hasa. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi walikuwa wanawasema watoto, ila mimi nimeuona ukweli wake kwa samaki mwenyewe.

Ninawapa vifaranga hawa nyota nne kati ya tano, na hiyo nyota moja niliyoishikilia nina sababu nayo.

Kwanza, pengo halikuzibika. Daftari langu la misimu iliyopita linaonyesha trauti wa kawaida aliyelishwa unga wa samaki mwingi bado anakua haraka kuliko hawa wangu wa mimea. Wamelipunguza pengo, tena sana, lakini lipo. Anayekuambia kifaranga aliyezoeshwa ataibadili soya kuwa dagaa anakudanganya.

Pili, kuzoeshwa utotoni hakuondoi sumu ya mimea mibovu. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini tumboni. Joto linaviua, kwa hiyo mashudu yasiyopashwa vya kutosha hayafai kwa samaki yeyote, awe amezoeshwa au la. Kuna saponini, kemikali chungu za mimea ambazo joto haliziondoi, na kwa samaki wa jamii ya salmoni soya nyingi huweza kuleta uvimbe sehemu ya nyuma ya utumbo. Kuna pia faiteti, inayofunga fosforasi ili samaki asiipate na badala yake itoke na kinyesi majini, ndiyo maana vyakula vizuri vya mimea hutiwa faitesi, kimeng'enya kinachoivunja. Mimi nilichagua chakula kinachogawa mzigo kati ya gluteni ya ngano, protini ya njegere na soya kiasi, kilichoongezwa methionini na laisini, asidi amino zinazojenga protini. Baada ya yale majuma manane, kwa majuma mawili, nilijaribu chakula kingine chenye soya tele, na hata kundi la mimea lilianza kutoa kinyesi chembamba cha rangi hafifu kinachoelea kama nyuzi. Nilikiacha mara moja.

Tatu ni mafuta. Trauti aliyelishwa mafuta ya mimea tupu nyama yake inapungukiwa omega 3 zile ndefu, EPA na DHA, ambazo ndizo watu wengi wanamtafutia samaki huyu. Trauti anaweza kutengeneza kiasi fulani kutoka kwenye mafuta ya kitani, lakini si kwa wingi wa kutosha kufidia. Majuma ya mwisho kabla ya kuvuna nawapa chakula chenye mafuta ya samaki, na hapo sioni aibu yoyote. Kidogo, mwishoni, mahali kinapofanya kazi.

Sasa niseme lililoniuma. Nilipoona matokeo haya niliagiza kundi la pili kutoka kituo tofauti kilichokuwa karibu zaidi, kilichoniambia vifaranga wake nao "wamezoeshwa mimea". Nilipowageuzia chakula walitema kama wale wa zamani, sahani ikaja na zaidi ya nusu ya tembe. Nilipohoji sana ikatoka kwamba walikuwa wameanzishiwa mimea wakiwa na majuma sita ya kula, baada ya kuwa wamekwisha kuzoea unga wa samaki, kwa sababu mwanzoni waliogopa vifo. Hofu yao naielewa, mtu anayezalisha vifaranga anaishi kwa idadi ya waliobaki hai. Lakini walichoniuzia hakikuwa kile walichokiita. Wakati ule wa kwanza ukipita, umepita. Tangu hapo nikienda kwa muuzaji naomba kuona daftari la kulisha: tarehe kifaranga alipoanza kupanda juu, kilichotiwa majini siku hiyo, kilitiwa kwa siku ngapi mfululizo, na kama kilichanganywa na unga wa samaki hata kidogo. Mwenye daftari hulifungua bila kusitasita.

Jambo jingine, usiwachanganye na vifaranga wa kawaida katika mfereji mmoja. Nilifanya hivyo kwa masalio ya makundi mawili na ndani ya mwezi wale waliozoeshwa mimea walikuwa wamewazidi wenzao ukubwa, wanawafukuza kwenye chakula, na kazi ya kupanga kwa ukubwa ikawa ya kila juma.

Msimu huu kituo kile cha kwanza kimeniruhusu kuwepo siku ya lishe ya kwanza. Nilisimama juu ya trei asubuhi, vifaranga wakiwa bado na doa la rangi ya chungwa tumboni, wengine wamelala ubavu, wachache wakining'inia chini ya uso wa maji. Mhudumu akanyunyiza unga laini wa njegere na ngano kwa ncha za vidole. Mmoja akaukwepa. Mwingine akaja, akagusa, akarudi nyuma, akaja tena. Nikamwona anameza.