Kwani?: Jarida Lililovunja Kuta za Tanzu

Msomaji aliyezoea diwani za hadithi fupi zinazoandaliwa kwa ajili ya mitihani atashangazwa na matoleo ya Kwani?, jarida ambalo Kwani Trust ya Nairobi ilianza kulichapisha mwaka 2003. Toleo moja ni kitabu kinene cha kurasa mia kadhaa, na ndani yake hadithi ya kubuni hupakana na shairi, picha, katuni, mahojiano au makala ndefu ya uchunguzi, bila mhariri kujisumbua kukueleza ubunifu umeishia wapi na taarifa imeanzia wapi. Mhariri mwanzilishi, marehemu Binyavanga Wainaina, alikuwa ameshinda Tuzo ya Caine, inayotolewa kwa hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika, mwaka 2002. Mwaka uliofuata tuzo hiyo hiyo ikamwendea Yvonne Adhiambo Owuor kwa hadithi iliyotoka katika toleo la kwanza la jarida, inayosimulia ukoo wa kifahari wa Rwanda ulioporomokea ukimbizini Nairobi. Kwa mchapishaji mchanga kiasi hicho, huo haukuwa mwanzo wa kubahatisha.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, nguvu ya Kwani? haiko katika hadithi za kubuni. Iko katika makala zinazosimulia mambo ya kweli kwa ufundi wa riwaya, na mfano bora ni ile ya Billy Kahora kuhusu David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyefichua kashfa ya Goldenberg. Magazeti yalikuwa yameandika mengi juu ya mabilioni yaliyolipwa kama fidia ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje, lakini Kahora anamfuata kijana aliyekuwa akipokea mezani pake fomu za CD3, yaani za kutangaza bidhaa zinazouzwa nje, na kuona kwamba hesabu hazikubaliani; kisha anamfuata baada ya kukamatwa na kupoteza kazi, hadi Mombasa, ambako alisilimu na kuoa. Shujaa huyo hapambwi hata kidogo, na udhaifu wake unaachwa mbele ya msomaji.

Toleo la tano, lililogawanywa katika vitabu viwili, linahusu machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Ripoti ya Tume ya Waki, iliyochunguza machafuko hayo, inakupa hesabu ya watu 1,133 waliouawa. Jarida linakupa ushuhuda wa wananchi wa kawaida, kila mmoja kwa lafudhi yake, ukiwa umewekwa pamoja na picha na mashairi. Si usomaji wa kumaliza kwa mkao mmoja, wala sidhani kwamba ulikusudiwa uwe hivyo.

Dosari zipo. Unene huo una gharama yake, kwa kuwa baadhi ya mashairi yanaonekana yamepenyezwa kujaza nafasi, na kuna hadithi ambazo kalamu ya mhariri ingezifaa zaidi kuliko uhuru. Linalonikera zaidi ni lugha: jarida hili ni la Kiingereza, likichanganya Sheng kwa uchangamfu wa kupendeza, lakini Kiswahili cha Mvita, Lamu au Unguja, chenye mapokeo ya ushairi ya karne kadhaa, kimepewa kona finyu mno. Waliothubutu kuvunja kuta za tanzu wangeweza kuvunja na huu.

Kwa asiyetaka kubeba furushi, kuna mfululizo wa Kwanini?, vijitabu vya kuingia mfukoni ambavyo kimoja hubeba kazi moja tu. Makala ya Munyakei ilitolewa pia kwa namna hiyo. Mpenzi wa riwaya naye aitafute Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda, ambayo mswada wake ulishinda shindano la Kwani Trust kabla ya kuchapishwa mwaka 2014. Matoleo ya zamani ya jarida lenyewe yakipatikana, ningemshauri mnunuzi aanze na la tano, hata kama atalazimika kukinunua kitabu kimoja kwanza na kukisubiri kingine.