Kuhifadhi damu ya kitovu: dini zimeruhusu, fomu ndiyo ya kusomwa

Huduma hii huuzwa kwa wajawazito kama "bima ya mtoto". Damu inayobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma hukingwa kwenye mfuko, kisha hugandishwa kwa nitrojeni, karibu nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa ajili ya seli shina zilizomo, yaani seli changa zinazoweza kuzalisha seli nyingine za damu.

Kwa wanaouliza kama inafaa kidini: inafaa. Baraza la Fiqhi la Makka, la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, mwaka 2003, liliruhusu seli za kitovu kwa ridhaa ya wazazi na kuharamisha za mimba iliyotolewa makusudi. Vatikani nayo, katika waraka wa Dignitas Personae wa 2008, inakataa kuua kiinitete (mimba changa kabisa) ili kupata seli, lakini damu ya kitovu inaikubali. Hakuna uhai uliokatishwa; damu hiyo ingezikwa na kondo.

Kasoro huanzia chumba cha kujifungulia. Shirika la Afya Duniani linataka kitovu kisifungwe kabla ya dakika 1, ili damu imfikie mtoto na kumwongezea madini ya chuma. Ukisubiri hivyo, mfuko hupata kidogo. Muuzaji anayemhimiza mkunga afunge upesi anamnyang'anya mtoto haki yake ya leo kwa ajili ya ugonjwa wa kudhani, na hilo halina fatwa ya kulitetea. Damu ikiwa chache au ikifanya mabonge kwa kutochanganywa vizuri na dawa ya kuzuia mabonge iliyomo mfukoni, kazi imeharibika. Mfuko pia unapaswa kufika maabara ndani ya saa 48, kwa hiyo ukitumwa nje, ulizeni ndege ikichelewa hasara ni ya nani.

Hesabu nayo husemwa nusunusu. Upandikizaji, yaani kumtilia mgonjwa seli hizo, huhitaji takriban seli milioni 25 zenye kiini kwa kila kilo ya mgonjwa. Mtoto wa kilo 20 atataka milioni 500, na mfuko mzuri waweza kutosha. Mtu mzima wa kilo 60 atataka milioni 1,500, mifuko mingi haifiki. Tena mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hatibiwi kwa damu ya kitovu chake mwenyewe, kwani kasoro ile ile imo humo. Kuahidi tiba ya usonji ni biashara tu.

Panapostahili kulipia ni pale ambapo tayari kuna ndugu wa baba na mama mmoja anayeugua ugonjwa unaotibika kwa upandikizaji. Uwezekano wa aina za seli za ndugu hao kulingana kikamilifu ni 1 kati ya 4. Upandikizaji wa kwanza kabisa, Paris 1988, ulikuwa wa namna hiyo: damu ya kitovu cha dada ilimtibu kaka yake.

Kabla ya kusaini, tafuteni kifungu kinachosema sampuli itaenda wapi mkiacha kulipa ada ya mwaka au maabara ikifungwa. Kikiandikwa "utafiti" bila kutaja wa aina gani, kikateni kwa kalamu na muuzaji asaini pembeni.