Dodge Power Wagon ya zimamoto: uzoefu wangu na mambo ya kukagua kabla ya kununua

Dodge Power Wagon, pikapu kubwa ya 4x4, iliuzwa Marekani kuanzia 1946 hadi 1968, na zimamoto nyingi za vijijini ziliifunga tangi na pampu kwa ajili ya moto wa nyika. Porini sina neno nayo: chesi ngumu, tairi za 9.00-16, gia namba moja yenye nguvu ajabu, na ukiingiza gia ndogo ya transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma) inapanda kilima polepole bila kuhangaika. Barabarani usiiharakishe. Yenye difu ya 5.83 (propela inazunguka mara 5.83 gurudumu likizunguka mara moja) ukiipitisha kilomita 80 kwa saa unaitesa injini.

Cha kwanza kuuliza ni pampu inazungushwa na nini. Nyingine inazungushwa na shafti inayotoka ubavuni mwa giaboksi. Hiyo inafaa gari likiwa limesimama. Likitembea, dereva akikanyaga klachi abadili gia, pampu nayo inasimama na maji yanakatika, wakati mwenzake ameshika mpira mbele ya ndimi za moto. Moto wa majani unazimwa huku gari linasogea, kwa hiyo mimi nachagua yenye pampu ya injini yake, hata kama bei imezidi.

Kisha tangi. Lita 950 ni karibu tani nzima, na gari lenyewe ni la daraja la kubeba tani moja. Bado watu, mipira na pampu. Mulika tochi kwenye mdomo wa tangi uone kama lina kuta za kuzuia maji yasiyumbe. Kama hazipo, tangi likiwa nusu maji yote yanahamia upande mmoja mteremkoni, na gari linaweza kupinduka.

Pitisha kitambaa nyuma ya magurudumu ya mbele, kwenye ile tufe ya chuma ambapo gurudumu linakata kona. Ikivuja sana, oili inafika kwenye lainingi za breki na breki zinavuta upande mmoja. Breki zenyewe ni za mfumo mmoja: paipu ikipasuka, pedali inazama mpaka chini.

Pampu ijaribu bila maji. Funga valvu zote, vuta hewa mpaka geji isome inchi 22 za zebaki, zima kivuta hewa, subiri dakika 5. Ikipoteza zaidi ya inchi 10, inaingiza hewa. Anza na gasketi za mpira wa kuvutia maji, halafu pakingi ya shafti.

Na kwenye lami kavu, toa 4x4. Ukiiacha, transfa na propela ndizo zinazoumia.