Kabari za plastiki za kusawazishia karavani: kwenye sakafu ngumu poa, mchanga wa Kigamboni njoo na mbao

Wakuu, zile kabari za njano za ngazi tatu zinazouzwa mtandaoni kwa ajili ya karavani (kile kibanda cha kulala kinachovutwa na gari) nimezitumia za kutosha, sasa naweza kuongea. Naongea kama mtu mwenye friji ya gesi maana ndo ilinifanya ninunue, kulala kichwa chini miguu juu utavumilia ila friji haivumilii.

Kwa asiyejua, friji hizi hazina kompresa. Ndani kuna amonia, maji na haidrojeni, moto wa gesi unachemsha, mvuke wa amonia unapanda, ukipoa unakuwa majimaji halafu unashuka wenyewe kwa mteremko, hakuna pampu wala nini. Sasa karavani ikiinama yale majimaji yanatuama njiani, kichemshio kinabaki kinaungua, na ile dawa ya kuzuia kutu iliyomo inaganda na kuziba bomba, hapo umeisha, unatafuta friji nyingine. Nyingi za zamani mwisho ni kama digrii 3 upande kwa upande na 6 mbele kwa nyuma, na digrii 3 kwa macho huzioni. Ukiwa barabarani afadhali, mtikisiko unayarudisha kwenye njia yake, kasheshe ni ukishaegesha.

Tuje kwenye mzigo wenyewe. Plastiki ngumu, karavani yetu ya ekseli moja inapanda bila kelele, unaweka kabari upande uliolala, shemeji anavuta na Land Cruiser taratibu huku mtu wa ndani anasoma pima maji, akisema hapo hapo unafunga breki na kuzuia tairi. Mbele na nyuma unamalizia na kigurudumu cha mbele. Miguu ya kwenye kona ndo ya mwisho kushushwa, karavani ikishakaa sawa, ile ni ya kutuliza isicheze, sio jeki jamani, naona watu wanainulia gari mpaka inapinda.

Sasa mchanga. Pale ufukweni Kigamboni usiku tuliegesha ikiwa sawa kabisa, asubuhi mayai yanakaangwa, mafuta yote yamekimbilia upande mmoja wa kikaango, kumbe kabari imezama mchangani. Chini yake ni nyembamba halafu laini, haina meno. Tukaweka vipande vya marini (zile mbao za plywood) chini ya kila kabari, ikatulia hadi tunaondoka, na friji ikagandisha maji kama kawaida.

Halafu kile kipima maji kidogo wanachokupa kwenye boksi ni mapambo tu, nimekilinganisha na cha fundi ujenzi hawakubaliani kabisa. Nunua cha ukweli hapo Kariakoo, na ukiweke kwenye sakafu ya friji, kule kwenye freza, usikiweke mezani, maana meza yenyewe nani kakwambia imenyooka?

Bei imechangamka kwa plastiki, na muuzaji nilipomuuliza inabeba tani ngapi akanijibu "kubwa tu boss". Mimi nawapa nyota tatu. Kama friji yako ni ya kompresa ya betri sioni haja, zile zinavumilia kuinama, chukua mbao za Keko ukate vipande vya urefu tofauti, utalala vizuri na hela inabaki ya samaki.