The Lost Episodes ya Frank Zappa: inamfaa nani, na namna ya kuisikiliza

Nianze na jibu, maana ndilo mnalolitafuta kabla ya kutoa pesa. Kama hujawahi kumsikiliza Frank Zappa, mpiga gitaa na mtunzi wa Marekani, hii siyo albamu ya kuanzia. Chukua Hot Rats ya 1969, kisha One Size Fits All ya 1975, zikuingie kwanza. Ila kama nyimbo zake tano au sita tayari zimekukaa kichwani, basi katika yote yaliyotolewa baada ya kifo chake sijapata mkusanyiko wenye faida kama huu. Humu unazikuta nyimbo zikiwa bado mbegu, na unamsikia mtunzi akishika wazo ambalo atalirudia na kulichimba upya miaka mitano, saba, hata zaidi baadaye.

Zappa alifariki tarehe 4 Desemba 1993 kwa saratani ya tezi dume, akiwa na miaka 52. The Lost Episodes ilitoka Februari 1996 kupitia lebo ya Rykodisc. Watu wengi huziogopa albamu za marehemu, na wana haki: mara nyingi ni makombo yaliyokusanywa na warithi. Hii aliiandaa mwenyewe alipokuwa hai, na mpangilio unathibitisha. Ina vipande 30, vinavyofuatana karibu kwa miaka, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na katikati ya muziki kuna mazungumzo mafupi yanayokueleza nani alikuwa nani.

Kipande cha pili, Lost in a Whirlpool, ndicho kitakachokushtua. Kilirekodiwa katika darasa tupu la chuo cha Antelope Valley huko Lancaster, mji wa jangwani California, kwa kinasa kanda cha Webcor. Zappa anapiga gitaa la solo, mdogo wake Bobby anapiga ridhimu, na anayeimba kwa sauti nyembamba ya kike ni Don Van Vliet, ambaye baadaye alijulikana kama Captain Beefheart. Ni bluzi ya mzaha kuhusu mtu aliyevutwa na maji ya choo. Besi hakuna, ngoma hakuna, na sauti yote imebanwa katikati. Usiongeze besi kwenye redio yako ukidhani utaipata. Utaongeza mvumo tu. Fuata gitaa la Zappa. Alikuwa hajamaliza hata mwaka tangu aanze kulishika, na tayari anazikata sentensi zake mahali usipotegemea.

Uzito wa nusu ya kwanza uko Cucamonga, mji mwingine wa California. Huko Paul Buff alikuwa na studio ndogo iliyoitwa Pal, na alijijengea mwenyewe kinasa cha chaneli tano wakati studio nyingi zilikuwa bado zinafanya kazi kwa mono (chaneli moja) au kwa chaneli mbili tatu. Mixa yake aliiunda ndani ya meza ya kujipambia ya miaka ya 1940 iliyoondolewa kioo. Zappa aliinunua studio hiyo mwaka 1964 na kuiita Studio Z, kwa pesa alizolipwa kwa muziki wa filamu ya Run Home Slow. Vipande vitatu vya muziki wa filamu hiyo vimo humu.

Chaneli tano zina maana gani kwa msikilizaji? Mtu mmoja anaweza kupiga ngoma, akarudisha kanda mwanzo, akaongeza besi, kisha piano, kisha akaimba, bila kulazimika kunakili kanda kila anapoongeza kitu. Kila nakala ya kanda huongeza mchakacho na kula sauti za juu. Sikiliza Charva ya 1963: vyombo vyote anapiga Zappa peke yake, na bado kila kimoja kinasikika wazi. Kwa masikio yangu, Charva na Fountain of Love ndizo rekodi safi kuliko nilivyotarajia kwa studio ya ukubwa ule.

Njia bora ya kuitumia albamu hii ni kuilinganisha na albamu zake nyingine. Cheza Take Your Clothes Off When You Dance ya 1961 iliyomo humu: ni jazi tulivu, haina maneno. Halafu cheza wimbo huo huo kwenye We're Only in It for the Money ya 1968. Melodi ni ile ile, ila sasa ina maneno na mwendo mwingine kabisa. Any Way the Wind Blows ni zoezi refu zaidi. Humu iko ya 1963 akiimba Ray Collins, kisha ipo kwenye Freak Out! ya 1966, kisha tena kwenye Cruising with Ruben & the Jets ya 1968. Zicheze tatu mfululizo, na safari hii usifuate sauti ya mwimbaji bali ngoma na waitikiaji. Utagundua kwamba ile ya 1968, aliyoitengeneza makusudi isikike ya kizamani, ina uzamani wa kupanga, na ya 1963 ni uzamani wenyewe.

Kwa Inca Roads, tahadhari. Ukiijua ile ya One Size Fits All yenye sauti ya George Duke, mpiga kinanda wake, utadhani umekosea kipande. Hii ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 haina kuimba hata kidogo. RDNZL nayo ilikuja kutolewa kwenye albamu ya Studio Tan mwaka 1978, na humu ni fupi na imebanwa zaidi. Mimi naipenda hii kuliko ile.

Mount St. Mary's Concert Excerpt itawakimbiza wengi, nami nawaomba msiiruke. Ni sehemu ya onyesho la Mei 1963 katika chuo cha Mount St. Mary's, Los Angeles: okestra ikipiga pamoja na sauti zilizorekodiwa kwenye kanda, huku Zappa akiwaeleza wasikilizaji kinachoendelea. Alikuwa na miaka 22. Bila kipande hiki huwezi kuelewa kwa nini mpiga gitaa wa roki alitumia maisha yake yote kuandikia okestra.

Mazungumzo ndiyo yanayogawanya watu. Cops & Buns ni polisi aliyekuja studio ya Apostolic, New York, kwa sababu ya malalamiko ya kelele, na kanda ikaachwa inazunguka. Kwangu hiyo ni hazina. Hadithi mbili za kamasi za Kenny na Ronnie, hapana: ukizisikia mara moja zinatosha, na usizicheze mbele ya watoto au wakati wa chakula. Kati ya hizo na muziki kuna The Big Squeeze, tangazo la vidonge vya kifua vya Luden's la 1967, ambalo lilipata Clio, tuzo ya matangazo ya biashara. Ni fupi mno, ila linaonyesha kwamba ukorofi wake wa kimuziki uliweza hata kuuza dawa ya kikohozi.

Kwenye The Grand Wazoo, sauti ya Beefheart ilirekodiwa 1969 na muziki wa Synclavier, kinanda cha kompyuta, ukaongezwa 1992. Ukitegemea bendi kubwa ya ile albamu ya 1972 yenye jina hilo, haimo. Alley Cat ya 1969 ni bluzi halisi, na ndiyo ninayomchezea mtu anayesema Beefheart hakujua kuimba.

Kisha mwisho, Sharleena. Karibu dakika 12, Don "Sugarcane" Harris akiimba na kupiga fidla, Zappa kwenye gitaa. Ile iliyotoka kwenye Chunga's Revenge ya 1970 ni wimbo wa kawaida wa dakika chache. Hii inaachiwa nafasi ya kupumua, na fidla na gitaa vinapokezana bila haraka hata mara moja. Kama ungeniuliza ni kipande kipi kinalipa bei nzima, ni hiki.

Sasa mambo ya kiufundi, kwa sababu nyingi ya lawama nilizosoma kuhusu albamu hii zinatokana na namna inavyochezwa.

Kwanza, zima uchezaji wa kubahatisha (shuffle). Mazungumzo yamewekwa kutambulisha kipande kinachofuata, na yakitawanywa yanakuwa kelele zisizo na maana. Pili, zima mapengo kati ya vipande. Baadhi ya programu za simu huweka ukimya mfupi usiokuwepo kwenye diski, na hapa utausikia waziwazi kwa sababu vipande vingi ni vya nusu dakika au dakika moja. Tatu, kama programu yako inasawazisha sauti, ichague isawazishe kwa albamu nzima, siyo kwa wimbo mmoja mmoja. Ukisawazisha kwa wimbo, mazungumzo ya kanda hafifu yanapandishwa hadi usawa wa bendi ya roki, na mchakacho wa kanda unapanda nayo. Hapo ndipo mtu anasema "imerekodiwa vibaya."

Kwa vipande vya zamani, kama amplifaya yako ina swichi ya mono, ijaribu. Kanda ya mono ikisomwa kwa kichwa cha stereo, mchakacho wa kushoto na wa kulia haufanani, hivyo ukiunganisha pande mbili muziki unabaki na mchakacho unapungua kwa kiasi cha desibeli 3. Kama pande zote mbili tayari ni sawa kabisa, hutasikia tofauti yoyote. Ukitaka uhakika, fungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, geuza upande mmoja kwa amri ya kupindua (Invert), kisha uchanganye na mwingine. Ukipata ukimya kamili, ni mono halisi, na swichi haitakusaidia.

Kuinakili diski kwenye kompyuta, tumia FLAC (aina ya faili isiyopoteza sauti) ya biti 16 na 44.1 kHz. Hakuna faida ya kupandisha zaidi, kwani diski yenyewe haina zaidi ya hapo.

Ukinunua nakala iliyotumika, toleo la Rykodisc lina namba RCD 40573, na kasha la kampuni hiyo huwa na plastiki ya kijani. Kasha likivunjika na kubadilishwa la kawaida, si tatizo. Tatizo ni kijitabu. Maelezo ya Rip Rense, yenye kauli za Zappa mwenyewe kuhusu vipande, ni nusu ya thamani ya bidhaa hii, kwa hiyo mwombe muuzaji akupigie picha za kurasa za ndani, siyo jalada tu. Mchoro wa jalada ni wa Gabor Csupo, ambaye studio yake ndiyo iliyochora misimu ya kwanza ya The Simpsons. Anayesikiliza kwa mtandao anapata muziki wote lakini anakosa maandishi, na kwa albamu hii pengo hilo ni kubwa.

Wengi huniuliza kama wachukue pia Mystery Disc ya 1998. Ndiyo, ila mjue kwamba baadhi ya vipande vimejirudia, Charva na Handsome Cabin Boy vikiwemo. Kama pesa ni ya moja tu, nunua The Lost Episodes, kwa sababu Sharleena hii ndefu huipati kwenye Mystery Disc.