Taa ya ABS kwenye Premio ya 1998: uzoefu wangu na fundi wa Tororo

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa kwanza: shilingi 230,000 za Uganda, spea na ufundi pamoja. Gereji niliyoanza nayo, yenye geti, bango kubwa na vijana wenye ovaroli safi, ilikuwa imenipigia hesabu ya 900,000 za "pampu ya ABS". ABS ni mfumo unaozuia magurudumu yasifunge, yaani yasiache kuzunguka, ukikanyaga breki kwa nguvu. Pampu yangu haikuwa na ubaya wowote. Imo ndani ya gari mpaka leo, ileile iliyotoka nayo Japani.

Gari lenyewe ni Toyota Corona Premio ya 1998. Nalitumia kusambaza bidhaa Tororo, Mbale na Malaba, na wanaoijua njia ya Malaba wanajua foleni ya malori inavyoweza kukuotea ghafla, hasa mvua ya kwanza ikishuka na vumbi lililolala juu ya lami likageuka utelezi. Kwenye breki sina mzaha. Halafu tangu 2018 sheria hairuhusu tena kuingiza nchini gari lililopitisha miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo wenye magari ya zamani tunatunza tuliyonayo. Kubadilisha gari si kazi ndogo.

Mambo yalianzia kwenye jointi ya CV ya mbele kushoto, kile kiungo kinachozungusha gurudumu hata likikatwa kona. Ilikuwa ikigonga kila nikikata kona, gereji ile ikaibadilisha, kelele ikaisha, nikalipa. Sijafika mbali taa ya njano ya ABS ikawaka. Nikageuza. Wakachomeka kidude cha bluetooth chini ya usukani, wakatazama kwenye simu, wakaniambia: "Mzee, gari halina hitilafu." Na taa inawaka mbele ya macho yetu!

Hapa wengi huliwa pesa, kwa hiyo niseme kidogo. Vidude vile vya bei rahisi vimetengenezwa kusoma kompyuta ya injini. ABS ina kompyuta yake, na vingi haviifikii kabisa. Tena magari mengi ya soko la Japani ya miaka ya 90 hayazungumzi na vidude hivyo hata kwa upande wa injini, ingawa plagi inaingia vizuri. Kwa hiyo "halina hitilafu" maana yake ilikuwa "hatukuweza kusoma". Walipoishiwa maneno wakaangukia kwenye pampu, na mmoja wao akanivuta pembeni akaniambia kwamba kama pesa ni tatizo, yeye atanitolea balbu kwa elfu kumi nisiione taa tena.

Nilikataa. Lakini ujue balbu hizo hutolewa kweli, na magari hayo huuzwa. Ukienda kununua gari la mtumba, fungua swichi bila kuwasha injini na utazame dashibodi: taa ya ABS lazima iwake, kisha izime yenyewe baada ya sekunde tatu hivi. Isipowaka kabisa, imeguswa. Ikisubiri injini iwake ndipo izime, shuku kwamba wameiunganisha na taa ya oili au ya chaji ili ikudanganye.

Fundi aliyenitengenezea ni mzee mmoja, sote tunamwita Hajji. Uwanja wake uko pembeni mwa mji, upande wa kutokea kwenda Malaba: mabati matatu, jeki mbili, magurudumu yamepangwa ukutani. Alijifunza kazi Mombasa na Kiswahili chake ni cha huko. Nilimsalimu, akaitikia, na kabla hajafungua boneti akauliza, "Mwanangu, taa inawaka ukifungua swichi, au mpaka gari litembee?"

Nikamwambia inawaka kwenye swichi, inazima, halafu nikishika mwendo inarudi.

"Basi waya haujakatika," akasema. "Kabla ya hapo gari lilifanyiwa nini?"

"Jointi ya CV, Hajji. Kushoto mbele."

Akaguna tu. Nadhani jibu alishakuwa nalo, ila hakurukia. Alianza kwa kupima betri, kwa sababu umeme ukiwa mdogo kompyuta ya ABS hujizima na kuwasha taa bila gurudumu lolote kuwa na kosa. Betri ilikuwa nzima. Ndipo akafungua kile kiboksi cheusi kwenye chumba cha injini, kimeandikwa DIAGNOSTIC juu ya kifuniko, akachukua kipande cha waya na kuunganisha matundu mawili, Tc na E1. Alinionya nisijaribu nyumbani kwa kubahatisha, maana ndani ya kiboksi hichohicho kuna tundu lenye moto wa betri moja kwa moja, na ukikosea unaunguza kitu ghali kuliko ulichokuwa unatafuta.

Swichi ikafunguliwa, taa ya ABS ikaanza kupepesa. Mara tatu, ikapumzika kidogo, mara mbili. Tena tatu, mbili. Hiyo ni 32. Kwenye Toyota za umri huu, 31 ni gurudumu la mbele kulia, 32 la mbele kushoto, 33 la nyuma kulia na 34 la nyuma kushoto. Pampu ikikwama inatoa 51, na hiyo haikutokea. Laki tisa zikawa zimeokoka kwa kipande cha waya kisicho na bei.

Sasa hapa ndipo ninapomsifu. Mwingine angeona 32 akanituma nikanunue sensa, kile kifaa kinachosoma mwendo wa gurudumu. Hajji aliniambia namba inataja gurudumu, haitaji kifaa. Kwenye gurudumu kuna sensa, kuna waya wake unaopindwa kila usukani ukikatwa, kuna plagi, kuna beringi, na kuna pete yenye meno inayozunguka mbele ya sensa. Sensa za magari haya ni sumaku na koili tu: jino likipita, umeme mdogo unazaliwa, meno yakipita haraka, umeme unakuwa mwingi na wa kasi. Kompyuta inasoma kasi ya kila gurudumu namna hiyo, na ikiona moja linapungua ghafla kuliko mengine wakati umekanyaga breki, inajua linataka kufunga, inalegeza presha na kuirudisha mara nyingi kwa sekunde. Si teknolojia ya jana: Bosch na Mercedes-Benz waliiweka kwenye S-Class mwaka 1978. Wale vijana wenye ovaroli waliizungumzia kama ndege.

Akalinyanyua gari, akaweka stendi, akachomoa plagi za sensa zote mbili za mbele na kupima ukinzani wa umeme kwa mita. Kulia, ohm 1,100 na kidogo. Kushoto, karibu vilevile. Sensa nzima, waya mzima, kama alivyokwisha kusema. Kisha akageuza mita ipime umeme wa mbadilishano na kuniambia nizungushe gurudumu la kulia kwa mkono, kwa nguvu. Mita ikapanda, kama robo ya volti. Tukahamia kushoto. Nikazungusha mpaka mkono ukauma. Sifuri.

"Lete kidole," akasema. Akanionyesha pa kupitisha, nyuma ya diski, kwenye jointi mpya. Ilikuwa laini, kama shingo ya chupa. Upande wa kulia kidole kilikwaruza meno, moja baada ya jingine, yenye kutu kidogo. Kushoto hapakuwa na jino hata moja. Gereji ilikuwa imefunga jointi ya gari lisilo na ABS. Inaingia, inakaza, gari linatembea, kelele inaisha. Isipokuwa sensa imebaki inatazama chuma kitupu.

Jointi hizi zinauzwa za namna zote mbili, kwa hiyo unapoagiza sema wazi unataka yenye pete ya ABS, na taja idadi ya meno. Kwangu ni 48. Hajji aliyahesabu upande wa kulia kwa kuweka alama ya chaki. Tuliagiza Kisekka, soko la spea Kampala, ikaja kwa basi. Ilipofika ilikuwa na pete kweli, akaketi nayo chini na chaki yake, akazungusha, akanitazama: meno hayakufika 48. Nilidhani anazidisha. Akanieleza kwamba pete yenye meno pungufu inamwambia kompyuta gurudumu hilo linazunguka polepole kuliko mengine muda wote, na ABS inaweza kudhani linafunga hata kama halifungi. Ikarudishwa kwa basi lilelile. Aliyeiuza alinung'unika, lakini akaleta ya sawa.

Jointi ikafungwa. Kufuta namba kwenye kumbukumbu, unaunganisha tena ule waya, unafungua swichi na kukanyaga pedali mara nane au zaidi, haraka haraka, ndani ya sekunde chache. Taa ikaanza kupepesa kwa mfululizo sawasawa, maana yake hakuna kilichobaki. Tukatoka barabarani. Taa imezima. Nikafurahi mapema.

Tulipokaribia tuta, nikiwa karibu kusimama kabisa, pedali ikanipiga teke chini ya mguu, trrrr, na gari likasogea mbele kidogo kuliko nilivyotaka. Taa haikuwaka. Sikuwahi kuona hali hiyo kabla, na nilianza kumkasirikia mzee. Yeye alikuwa anacheka. ABS ilikuwa imelala muda wote huo, kwa hiyo ugonjwa wa pili ulikuwa umejificha nyuma ya wa kwanza. Mwendo ukiwa mdogo umeme wa sensa nao ni mdogo. Kama wa sensa moja umefifia, unapotea kabla ya wa nyingine, na kompyuta inadhani gurudumu limefunga. Ndipo inalegeza breki wakati huihitaji.

Alikumbuka kwamba meno ya kulia yalikuwa na kutu. Kuchomoa sensa ya zamani ni kazi ya subira: imeganda kwenye chuma kwa kutu, na ukiivuta kwa koleo inakatika kichwa. Aliinyunyizia oili ya kulegeza kutu, akaiacha, akanywa chai, akarudi, akaizungusha kidogo kidogo kushoto na kulia mpaka ikatoka. Ncha yake ilikuwa imeota ndevu: vumbi la chuma kutoka kwenye diski na pedi, limevutwa na sumaku, limegandamana na udongo mwekundu. Akafuta kwa kitambaa, akasugua pete kwa brashi, akasafisha tundu kwa msasa ili sensa ikae chini kabisa, akarudisha. Teke likaisha. Kwa kazi hiyo ya pili hakuniongezea hata shilingi.

Jaribio la mwisho alilifanya kwenye lami yenye maji, hakuna mtu wala bodaboda, mwendo kama 40: kanyaga mpaka chini na usiachie. Pedali ikatetemeka, ikanguruma chini ya boneti, na usukani ukaendelea kunitii. Sisi tuliofundishwa kupampu breki inabidi tuzoee. Kwenye ABS ukipampu unaiharibia kazi. Halafu akanipeleka kwenye barabara ya vumbi tukarudia, na hapo gari likaenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Hiyo si hitilafu. Kwenye changarawe, gurudumu lililofunga hurundika udongo mbele yake na huo husaidia kusimamisha gari. ABS hairuhusu lifunge. Madereva kadhaa wa Tororo huchomoa fyuzi kwa sababu hiyo. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu ninapohitaji kukwepa lori nataka usukani unaogeuza gari, na kwenye vumbi napunguza mwendo tu.

Mchanganuo wa bei, kwa anayetaka kulinganisha: kupima 40,000, jointi 130,000, ufundi 50,000, basi 10,000. Mafuta ya breki hayakuguswa kwa sababu hakufungua bomba lolote, ingawa aliyaonyesha yalivyogeuka rangi ya chai na kunishauri niyamwage yote niweke mapya ya DOT 3.

Ubaya wake upo. Hatoi risiti ya maana, anaandika kwenye karatasi ya daftari. Ukimpa miadi ya asubuhi, hesabu saa sita. Ijumaa simu haipatikani mpaka watu wametoka msikitini. Haweki spea, kwa hiyo ukikosa mtu wa kukutumia kutoka Kampala utakaa na gari kwenye stendi. Na mvua ikinyesha kazi inasimama, maana mabati matatu hayafuniki gari zima.

Nampa nyota nne kati ya tano. Kwa Toyota za miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000 sijaona wa kumshinda upande huu wa nchi. Magari ya karibuni, yale ambayo sensa zake hulishwa umeme na hazipimwi kwa ohm, yeye hayashiki. Hana skana inayoingia kwenye ABS, na atakwambia mwenyewe uende Mbale. Ukienda kwake, taja kwanza kilichobadilishwa kwenye gari hivi karibuni, na usimpigie simu kabla ya saa tatu.